Kikao cha Kwanza kwa Mungania

Gaceri hakukusudia kutangaza. Alitaka kuombewa tu, lakini katika kikundi cha akina mama cha kanisa lao mtu haombewi kwa mafumbo. Lazima aseme shida yake kwa mdomo wake, watu waielewe vizuri, ndipo wafunge macho. Alhamisi hiyo zamu yake ilipofika alisimama, akajifunga leso upya kiunoni ingawa haikuwa imelegea, akasema binti yake Kagwiria anaolewa mwezi wa Desemba na anaomba Mungu aitangulie siku hiyo, kwa sababu harusi itafanyika ndani ya hifadhi ya wanyama, kando ya mto, na watu watakuwa wachache.

Hakuna aliyefunga macho.

"Hifadhi gani?" aliuliza Wakiuru, kiongozi wa kikundi, mwenye duka la vyombo mjini. Wenzake walimwita Mama Njeri.

"Hapa tu mbele, barabara ya kwenda Archer's Post. Kule Kagwiria anafanya kazi."

"Kwa ndovu?"

"Kuna kambi, Mama Njeri. Ni mahali pasafi. Wazungu hulala huko."

"Wazungu hawana watu. Wewe una watu. Hao wachache ni wangapi?"

"Kama kumi na watano. Familia."

Wakiuru aliomba, tena aliomba kwa muda mrefu, na katika maombi hayo alimweleza Mungu mambo ambayo kwa kweli alikuwa akimweleza Gaceri: kwamba kuna watu hufurahia harusi za wenzao na siku yao ikifika wanajificha, kwamba siku hizi shetani haji na pembe, anakuja na mambo ya kisasa. Akina mama waliitikia amina kwa nguvu kuliko kawaida yao. Gaceri naye aliitikia. Angefanya nini?

Isiolo ina lami nzuri siku hizi na hata uwanja wa ndege, lakini habari bado husafiri kwa miguu ya akina mama, na hufika kabla ya ndege. Kufikia Jumamosi ilijulikana sokoni na katika mitaa ya Wabera na Chechelesi kwamba Kagwiria ana mimba. Hakuwa nayo. Lakini msichana wa kanisa anayetaka kuolewa porini bila watu kuona, watu wafikirie nini tena? Hata mama wa kuuza nyanya alipompimia nyanya zake alimtazama kwanza tumboni, halafu akamwongezea moja ya bure.

Kagwiria alirudi nyumbani na nyanya zake, akazimwaga kwenye karai kwa hasira.

"Mama, ulisema nini kanisani?"

"Nilisema watuombee."

"Nilikuambia tutawaambia baadaye. Baada ya harusi. Tungewaalika chai, tungewapa keki, mambo yangekwisha."

"Na mimi nikae na jambo kama hilo peke yangu mpaka Desemba?" Gaceri alisema. "Wewe una Wambugu. Baba yako ana wewe. Mimi niseme na nani, na magunia ya ndengu kibandani?"

Kagwiria aliosha nyanya.

Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta wa mabati, baba yake alikuwa amekaa na redio yake. Mungania alipooza upande wa kulia mwaka uliotangulia. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi, na mdomo uliinama upande mmoja ukabaki hapo. Ingekuwa mtu mwingine, pengine angezoea. Lakini huyu ndiye aliyekuwa na sauti. Kwa miaka mingi hakukuwa na harusi ya maana katika kanisa lile ambayo Mungania hakuwa mwenyekiti wa kamati yake, na siku yenyewe ndiye aliyeshika kipaza sauti, akiwatania wazee, akiwachokoza akina mama, akiwakamua wageni michango huku wanacheka. Sasa maneno yake yalitoka yamelowa na kushikana, na watu wawili tu walioweza kuyatenganisha walikuwa mke wake na binti yake. Tangu atoke hospitali hakuwa amevuka geti. Mgeni akibisha, yeye aliingia chumbani. Mtu ambaye mji mzima ulimngojea aseme, afadhali asionekane kabisa kuliko kuonekana hivyo.

Mara moja tu alitoka. Kagwiria alimchukua kwa gari la kambi, kukiwa bado na giza kidogo, wakaingia hifadhini kabla watalii hawajaamka. Alimkalisha chini ya mti mkubwa ukingoni mwa Ewaso Nyiro. Twiga walikuja kunywa maji, wakamtazama Mungania kama wanavyomtazama mtu yeyote, yaani bila haja naye. Alicheka. Udenda ulimtoka akaufuta bila kuona haya. Halafu alisema, na Kagwiria alisikia kila neno, kwamba kama harusi ingekuwa mahali kama hapa, na watu wa nyumbani tu, yeye mwenyewe angemshika mkono ampeleke kwa Wambugu.

Basi harusi ya mtoni ilitoka hapo. Haikutoka kwa Wazungu wala kwenye simu, na haikutoka tumboni. Kagwiria alitaka kupelekwa na baba yake, na baba yake alikuwa amemwonyesha mahali pekee anapoweza.

Jumatatu Mwalimu Hezekiah alifika kwenye kibanda cha Gaceri cha nafaka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye koti hata kwenye jua la Isiolo, na kwa miaka yote ya Mungania yeye ndiye aliyekuwa makamu wake katika kamati. Sasa kipaza sauti kilikuwa chake, na alikishika vibaya, na alijua.

"Mama Kagwiria, habari ya biashara?"

"Tunashukuru, Mwalimu."

"Tumesikia habari njema." Alichota ndengu kwa kiganja, akazirudisha guniani. "Tumeunda kamati. Wakiuru ni mweka hazina, mimi mwenyekiti. Gurupu ya WhatsApp ilifunguliwa jana, watu wako karibu mia mbili na bado wanaingia. Sikuona jina la Kagwiria, nikamweka mimi mwenyewe."

"Mwalimu, hawa watoto walitaka kitu kidogo tu."

"Mtoto hutaka nini? Kazi ya mzazi ni kumzuia mtoto asijiaibishe." Hezekiah alisema kwa upole kabisa. "Kikao cha kwanza ni Jumapili baada ya ibada. Kwenu."

"Kwetu ni padogo. Si tutumie ukumbi wa kanisa? Hata mimi nitaleta chai huko."

"Kikao cha kwanza ni kwa wazazi wa msichana. Hiyo sheria si yangu, ni ya mume wako. Unakumbuka ile familia ya Kinoti, walipotaka kikao kifanyiwe hotelini? Mungania alikataa akasema kamati isiyoona moto wa mama haiwezi kujua harusi inahitaji nini. Tulikaa chini mkekani huko kwao." Alicheka kwa kukumbuka, halafu akaacha. "Anaendeleaje?"

"Yuko tu."

"Tutamwona Jumapili."

Mteja alikuja kuuliza bei ya maharagwe, na Gaceri akamshukuru Mungu.

Mchana huo simu ya Kagwiria, kule kambini, ililia mfululizo mpaka meneja akamtazama. Watu walikuwa wakimpongeza. Mtu aliuliza rangi ya harusi ni gani. Mwingine alijibu kwamba ni zambarau. Mtu alitoa mbuzi. Mwingine, asiyetaka kushindwa na mbuzi, alitoa tenti mbili. Kagwiria aliandika, "Asanteni sana, lakini tulikuwa tumepanga kitu kidogo," akatuma, na ujumbe wake ukazama chini ya vijipicha vya mikono ya amina hata asiuone tena.

Jioni Wambugu alimpigia. Alikuwa fundi wa stima, kijana mtulivu anayependa kazi ambayo mtu akiimaliza inaonekana imekwisha.

"Baba anasema yeye amechangia watu tangu nizaliwe," alisema. "Anasema nikikataa kamati ni kama kutupa mali yake."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema mtoni. Nilikuambia mtoni, ni mtoni. Lakini si mimi wa kuwaambia, Kagwi. Kikao ni kwenu. Nikisema mimi, watasema Mkikuyu amekuja kuwaharibia mila."

"Nitasema mimi," Kagwiria alisema, na siku hiyo aliamini.

Waliomwambia Mungania habari za kikao ni wote wawili, mama na binti, wamesimama mbele yake kama watoto waliovunja kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Alizima redio kwa mkono wa kushoto, akasema polepole kwamba waje. Sheria ni sheria. Yeye atakaa chumbani, mlango ufungwe, na Kagwiria awaambie ukweli kwa heshima, na watakunywa chai waende.

"Nitawaambia, baba," alisema Kagwiria.

Jumapili sebule ilijaa. Dahabo, jirani yao Mborana ambaye waligawana naye ukuta, alikuwa ameazima viti vya plastiki vya msikiti wao na kuvipitisha juu ya ukuta kimoja kimoja. Havikutosha. Watu walikaa kwenye mikono ya makochi, kwenye ngazi ya mlango, na vijana wa kwaya wakasimama dirishani kwa nje. Gaceri alizunguka na chupa za chai bila kumtazama mtu usoni. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa, na mbele yake palining'inia pazia la maua, na hakuna aliyeingia nyumba ile siku hiyo ambaye hakulitazama pazia lile kabla ya kutafuta kiti.

Hezekiah alifungua kwa maombi, halafu akasimama. "Sisi hatujakuja kama wageni. Tunajua mwaka ulikuwa mgumu hapa. Tumekuja kubeba, kama vile nyumba hii ilitubeba sisi. Wakiuru atatusomea tulipofika na michango."

"Mwalimu, naomba kusema kwanza," alisema Kagwiria.

"Sema, binti yetu."

Alisimama. Wambugu, karibu na dirisha, alimwashiria kwa kichwa kumpa moyo. "Mimi na Wambugu tulishapanga. Kambi imekubali, mchungaji amekubali kuja. Mbugani haziruhusiwi tenti kubwa wala spika, na lango linafungwa jioni. Ndiyo maana ni watu wachache. Tunawashukuru kabisa, lakini..." Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno haya njiani, na njiani yalikuwa mazuri. "Lakini hatuhitaji kamati."

Mtu aliweka kikombe chini.

"Hatuhitaji," alirudia Wakiuru. "Mmesikia? Gaceri, umemsikia?"

"Mama Njeri, mtoto hakusudii..."

"Wacha mimi niseme. Nimenyamaza mwaka mzima." Wakiuru hakuinuka. "Siku Mungania alianguka, nani alitafuta gari ya kumpeleka Meru? Nani alilala na wewe kwa ile benchi? Sikuhitajika? Tangu atoke hospitali naleta unga hapa. Naleta maziwa. Unakuja kwa geti, unachukua, unasema Mungu akubariki, unafunga. Naachwa nje kama mtu wa kuuza mboga! Huyo mzee ni rafiki yangu. Ndiye aliendesha harusi ya Njeri wangu, watu wakacheka mpaka mtu akaanguka na kiti. Mwaka mzima sijamwona uso. Wakati mwingine natembea nikienda nyumbani najiuliza, hawa wananificha mtu ama wananificha maiti?"

Alilia. Na kwa sababu Wakiuru hakuwa mtu wa kulia, wengine wawili watatu walilia naye. Gaceri alisimama katikati ya sebule yake na chupa ya chai mkononi, akaona aibu. Kila neno lilikuwa kweli. Ule unga waliula.

"Tusameheni," alisema. "Sisi ndio tulikosea."

Kagwiria alikuwa bado amesimama, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama tena.

Hezekiah aliinua mikono. "Basi, tusilaumiane. Mimi nimeelewa. Jambo si mbuga. Jambo ni mzee hawezi kutembea mbele ya watu, na mtoto anaona aibu kuingia kanisani bila wa kumshika. Si ndiyo? Hilo ni dogo sana. Mimi nitasimama mahali pake. Nitakuwa baba wa siku hiyo. Nitavaa suti, nitamshika Kagwiria mkono, nimpeleke. Mungania angenifanyia hivyo."

"Hapo sasa," watu walisema. "Hiyo ni sawa kabisa."

Wote walimgeukia Gaceri, na Gaceri, aliyekuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka kwa kazi yoyote ya mikono, aliitikia kwa kichwa.

"Baba yangu yupo," alisema Kagwiria.

"Yupo, binti, na tunashukuru Mungu. Lakini tuseme ukweli..."

Hakuumaliza ukweli wake. Mlango nyuma ya pazia ulifunguka. Pazia lilisogezwa kwa mkongojo, likakwama, likasogezwa tena, na Mungania akatoka. Alikuwa amejivalisha mwenyewe shati jeupe. Vifungo vilikuwa vimepishana, upande mmoja wa shati umepanda, mwingine umeshuka. Aliburuta mguu hatua chache mpaka mwanzo wa makochi, akasimama, na kwa kitambaa kilichokuwa mkono mmoja na mkongojo akafuta kona ya mdomo. Watu waliinuka kwa pamoja. Kuna aliyesema "Yesu!" kwa sauti ndogo. Kuna waliotazama ukuta, wakaona si adabu, wakamtazama tena. Kila alichokikwepa kwa mwaka mzima kilikuwa kikitendeka sebuleni kwake, kukiwa bado mchana, mbele ya watu walioimba na kucheka kwa sauti yake.

Alisema. Ilimchukua muda. Mishipa ya shingo ilisimama, sauti ikapanda na kuzama, na kwa waliokuwa pale ilikuwa kama mtu anayezungumza akiwa na uji mdomoni. Lakini Kagwiria aliyasikia yote. Baba yake alisema: Mshukuru Hezekiah. Halafu waambie waende nyumbani. Harusi ni mtoni.

"Anasema nini?" Hezekiah aliuliza, na macho yake yalikuwa na machozi.

Aliyeulizwa hakutajwa jina. Gaceri naye alikuwa amesikia vizuri, lakini aliinamia meza akaanza kujaza chai kikombe ambacho hakikuwa kitupu. Tusimhukumu haraka. Kagwiria angeolewa, angehamia kwa Wambugu, na Gaceri angebaki mtaa huu huu, soko hili hili, na mgonjwa huyu huyu. Unga ungeletwa na nani? Siku ikifika, na ingefika, nani angembeba Mungania? Chai ilimwagika kwenye sahani naye akaendelea kumimina.

Kagwiria aliuona mkono wa mama yake. Akamwona Wakiuru akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, na wale wa dirishani wakimngojea. Alifungua mdomo akiwa na nia ya kusema kweli.

"Anasema asante, Mwalimu," alisema. Hiyo ilikuwa kweli.

Alipumua. Baba yake alimtazama na kumwashiria kwa kichwa: endelea.

"Anasema..." Maneno yalikuwa mepesi, machache, mtoto wa chekechea angeweza kuyasema. "Anasema asanteni wote kwa kuja. Anasema muendelee."

Nyumba ililipuka. Vigelegele vilipigwa ndani vikapokelewa nje, Dahabo naye akapiga vyake ng'ambo ya ukuta bila kujua ni vya nini. Hezekiah alikuwa akilia waziwazi. "Mmeona? Mzee mwenyewe ametoka! Basi mimi najitoa. Sitasimama mahali pa mtu aliye hai. Mzee mwenyewe atamshika binti yake mkono, kanisani, mbele ya watu wote!"

Mungania alitikisa kichwa. Alikitikisa sana, kulia na kushoto, na waliokuwa mbele walimwona.

"Ugonjwa huo hutikisa mtu," mama mmoja alimnong'onezea mwenzake. "Hata mjomba wangu alikuwa hivyo."

Alisema tena, kwa nguvu zaidi, na udenda ulimshuka kidevuni kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeanguka. Safari hii hakuna aliyeuliza anasema nini. Waliokuwa karibu walimletea kiti, wakamkalisha, kwa upendo wa kweli, na mguu wake ulikuwa umechoka hata asiweze kukataa. Wakapanga mstari wa kumsalimia. Mmoja baada ya mwingine waliinama, wakauchukua mkono wake wa kulia ulioanguka mapajani, wakauinua, wakautikisa, wakaurudisha mahali pake. Wakiuru alipofika alipiga magoti, akaushika kwa mikono yote miwili na kuuweka shavuni mwake. "Rafiki yangu," alisema. "Karibu tena." Mungania alikuwa akitazama juu ya kichwa chake, kwa Kagwiria, na macho yale hayakuwa na ugonjwa wowote.

Baadaye, vyombo vikioshwa, Gaceri alisema bila kugeuka, "Umefanya vizuri."

"Sikusema alichosema."

"Najua."

"Basi ungesema wewe, mama! Ulikuwa hapo!"

"Ningeweza, ningesema," Gaceri alijibu, akamsogezea vikombe vya kupangusa.

Kagwiria alivipangusa akilia kwa hasira, na hakujua nusu ya hasira hiyo ampe nani. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani. Walipomngojea wote amsemee, alimwuza kwa sentensi moja, na hakuna aliyemlazimisha kwa mkono.

Kesho yake Wambugu alikuja mapema, kabla ya kazi, na wazo lake lilikuwa safi kama kazi zake. "Tuache kila kitu. Mchungaji ukimwambia atakuja hata wiki hii. Tumchukue mzee, mama akitaka aje, tuende mtoni tufunge ndoa tumalize. Hao wengine watakasirika, halafu watazoea."

"Utamwambia baba yako hivyo?"

"Nitamwambia tukirudi."

Kwa mara ya kwanza tangu jana Kagwiria alipumua vizuri. Alikimbia nyuma ya nyumba. Mungania alikuwa kwenye kiti chake karibu na mabati. Alichuchumaa mbele yake, akashika goti lake zima, la kushoto.

"Baba, bado tunaweza. Wewe na mimi na Wambugu na mama. Hata wiki hii. Pale pale chini ya ule mti. Sema tu, baba, mimi nitafanya. Sema."

Mungania alinyoosha mkono wa kushoto akaongeza sauti ya redio. Walikuwa wakitangaza bei ya mifugo kwenye soko la Oldonyiro, na yeye hakuwa na hata mbuzi mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Amekasirika tu," Wambugu alisema walipokuwa getini. "Itapita."

Lakini Kagwiria alijua kwamba bila baba yake mto ni maji tu, na akamwambia Wambugu aende kazini.

Haikupita. Mungania alikula alipopewa, alilala alipolazwa, na hakusema. Gaceri alisema labda ugonjwa umezidi, wampeleke Meru akaonekane, ingawa alijua. Gurupu iliendelea kulia: mbuzi walikuwa wameongezeka, kwaya ilikuwa imepata wimbo, kadi zilikuwa zimechapishwa zikiwa na maua ya zambarau na jina la Mungania kwa herufi kubwa juu ya yote. Kule kambini meneja alimwuliza Kagwiria kama bado anaitaka ile siku, kwa sababu kuna Wajerumani wanaiuliza. Alisema wapewe.

Wiki mbili kabla ya harusi Hezekiah alikuja na gari kumpeleka mzee kwa fundi. Kamati ilikuwa imeamua suti yake itoke kwenye mfuko wa kamati, na hakuna aliyeweza kukataa zawadi kama hiyo. Kagwiria alikwenda nao. Mjini watu waliwasimamisha kila hatua chache. "Mzee! Umerudi! Tulikukosa!" Walimshika mkono ule ule. Mwenye duka la dawa alitoka hadi barabarani kumpiga begani. Mungania alitembea katikati ya furaha yote hiyo akiburuta mguu, uso wake umefungwa kabisa.

Fundi Shuriye alikuwa na kibanda kidogo karibu na msikiti, chenye cherehani mbili na kioo kirefu kilichoegemezwa mlangoni ili kipate mwanga. Alimsimamisha mzee mbele ya kioo. Alimpima mabega, akaona moja limeshuka, akasema kwa adabu kwamba hilo si shida, ataweka pedi na hakuna mtu atajua. Alipima kifua na mkono. Halafu alipiga magoti na utepe wake kwenye mguu usiosikia kitu.

"Mzee, suruali unapenda gani? Ile pana ya zamani, ama ya kubana kama ya vijana?"

Mungania hakujibu. Fundi alingoja, utepe mkononi, halafu akamgeukia binti wa mzee.

Kagwiria alimtazama baba yake kwenye kioo. Alitazama mdomo. Alingoja hata usogee kidogo, hata kwa hasira, hata amtukane. Mungania alikuwa akitazama barabara.

"Pana," Kagwiria alisema. "Anasema anataka pana."